Balbu ya Tarehe Mbili

Kitendawili!

Nimesikia, mmesema tega. Basi sikilizeni. Mwanangu alizaliwa na barua mkononi, na barua inasema ataishi miaka kumi na mitano. Akafa kabla kunde hazijatoa maua. Ni nani huyo?

Mmeshindwa? Nipeni mji. Nairobi siutaki, una baridi. Nipeni Kisumu. Haya, nimekwenda Kisumu, nimekula mbuta wa kukaanga mpaka nikafungua mkanda, nimerudi. Jibu ni balbu. Ile nyeupe ya siku hizi, isiyochoma mkono, iliyoandikwa kwenye boksi kwamba itawaka saa elfu ishirini na tano.

Na hiyo balbu ndiyo iliyomtia Lorine, muuza balbu wa soko la Katito, matatani.

Basi tuanzie hapa. Yuko ndani ya duka la vifaa vya stima la Bwana Gurbachan, Kisumu mjini, Jumamosi asubuhi. Ameweka balbu moja juu ya kaunta. Shingoni mwa balbu kuna tarehe aliyoiandika yeye mwenyewe kwa kalamu ya marka siku aliyoiuza kibandani kwake Katito: tarehe tatu Juni. Lakini chini ya tarehe hiyo, kama kovu chini ya poda, kuna kivuli cha tarehe nyingine. Kumi na nne Machi. Mwandiko ni wake huo huo. Mwaka umefutika.

Bwana Gurbachan akaitazama. Akazunguka kaunta, akawatoa wateja nje. Akaushika mlango wa chuma akauvuta mpaka chini, kishindo!

"Fungua mlango, Mzee," Lorine akasema.

"Nitafungua. Kwanza wewe niambie. Nani amekutuma?"

"Kunituma?"

"Miaka zaidi ya mitatu unanunua kwangu. Leo unakuja mbele ya wateja wangu, unaweka maiti kwenye kaunta, unauliza kwa sauti ya sokoni kwa nini nauza maiti. Nani amekutuma? Yule wa duka la kona?"

Hofu ya Lorine ikaisha hapo hapo. Ikaingia hasira.

"Hakuna mtu amenituma. Nimetumwa na jeneza."

"Jeneza?" mzee akauliza.

"Ndiyo, jeneza! Mzee Obiero wa Katito alifariki. Mke wake, Mama Perez, akaja kwangu Jumanne, wiki mbili zilizopita, kununua balbu ya kuwaka juu ya mume wake mpaka siku ya kuzikwa. Unajua kwetu. Taa hiyo haizimwi, mchana wala usiku. Nikamwambia Mama Perez, chukua hii, hii itakuzika hata wewe. Alhamisi yake, watu wanaimba, shemeji zake wote wamekaa pale, balbu ikafanya pap! Ikazima."

"Yawa," akasema Gurbachan taratibu. Amezaliwa Kisumu huyu mzee, na hata akishangaa hushangaa kwa Kiluo.

"Shemeji wakasema marehemu ameikataa taa ya mke wake. Wakasema mke anajua kilichomuua mume. Sasa Mama Perez anatazamwa kama mchawi, na mimi natazamwa kama mwizi. Leo saa nane wanawake wa soko wanakaa. Nisipowaambia hii balbu ilitoka wapi, jioni navunja kibanda changu, naondoka Katito. Na hiyo balbu, Mzee, ilitoka kwenye katoni yako, hata kama sijui tarehe yangu ya zamani iliingiaje humo."

Mzee akavuta droo. Akachukua bisibisi. Akaibana balbu kwapani kama mtu anayechinja kuku, akaichokonoa, na kile kikombe cheupe cha juu kikaruka kikaanguka sakafuni.

Ndani, wajukuu zangu, hakuna moto. Kuna sahani ndogo ya bati, na juu yake macho madogo ya manjano yamepangwa duara kama punje za mahindi.

"Hesabu," akasema mzee.

"Kumi na mbili."

"Hesabu tena."

Lorine akainama. Macho kumi na moja yalikuwa ya manjano. La kumi na mbili lilikuwa limefunikwa na tone la risasi, ile ya kuunganishia nyaya, linang'aa kama chozi la samaki.

"Hawa wameshikana mikono," akasema Gurbachan. "Stima inapita kwa huyu, inakwenda kwa huyu, inakwenda kwa huyu. Mmoja akifa, mkono unaachia, wote wanazima. Fundi mjanja anaweka tone la risasi juu ya maiti, mikono inashikana tena. Inawaka! Lakini kazi ya kumi na wawili sasa inafanywa na kumi na mmoja. Wanachoka. Wiki moja, mwezi mmoja, pap. Mama, hii haikutoka kwangu. Hii ilikuwa imekufa, ikafufuliwa, ikarudishwa kwenye boksi."

"Wewe ndiye unasema."

"Mimi ndiye nasema. Na mimi ndiye nakuuliza." Macho ya mzee yakawa madogo. "Balbu zikizima, wateja wanakurudishia wewe?"

"Mimi. Nimewaambia ikizima kabla ya mwaka nairudisha na ninatoa mpya."

"Na zile zilizokufa zinakaa wapi?"

"Kwenye gunia, chini ya meza yangu."

"Na maboksi matupu? Maana kila duka tunatoa balbu kwenye boksi, tunaijaribu mbele ya mteja, anaondoka na balbu mkononi. Boksi linabaki."

"Yanabaki kwangu. Nyuma ya kibanda."

"Basi aliyefanya hivi ana maiti zako, ana maboksi yako, na anafikia katoni yako mpya. Nani mwingine anaingia huko nyuma?"

"Hakuna. Ni mimi tu."

Hapo Lorine hakusema uongo, wala hakusema kweli. Kuna watu wako karibu na sisi hivi kwamba tukihesabu waliomo ndani hatuwataji, kama mtu asivyotaja mkono wake wa kushoto akiulizwa amekuja na nani.

"Ni wewe tu," Gurbachan akarudia. "Basi nikae nimwite polisi, ama niulize swali la mwisho?"

"Uliza."

"Hii Machi ni Machi ya mwaka gani?"

Lorine akafungua mdomo kusema ni ya mwaka huu. Mzee akageuza balbu, akamwonyesha kitako. Kilikuwa kimegeuka rangi, manjano kama jino la mvuta tumbako.

"Miezi mitatu haifanyi hivi," akasema. "Hii imekaa karibu na moto, ama mvuke. Na imekaa sana."

"Sana kiasi gani? Boksi linasema miaka kumi na mitano!"

Mzee akacheka, lakini hakuwa na furaha.

"Boksi linasema saa elfu ishirini na tano. Boksi limezaliwa kwenye chumba kizuri, stima haipandi haishuki, upepo unapita. Njoo Katito. Bati juu, joto chini, stima leo inakuja na nguvu za ng'ombe, kesho za kuku. Haya macho yanaweza kuvumilia. Lakini humu kwenye kitako kuna kifaa kinachoibadilisha stima, na hicho ndicho hupikika. Ukiifungia kwenye glasi isiyopumua, mwaka mmoja. Ikining'inia wazi, mitatu, minne. Nina moja kwenye ngazi hapa juu, ina miaka minane, na sijui kwa nini haijafa. Ndugu yake niliyemnunua siku moja naye alikufa wiki ya pili. Ukweli ndio huo. Anayekwambia muda kamili anakuuzia kitu."

Akauinua mlango wa chuma. Jua likaingia.

"Mtafute aliyeiwasha kuanzia hiyo Machi," akasema. "Aliyeiwasha anajua alimpa nani. Na tone hili la risasi, mafundi wa tone safi hivi kutoka hapa mpaka Sondu hawazidi wawili. Mmoja ni mimi."

"Na wa pili?"

"Yuko Ahero. Wewe unamjua kuliko mimi."

Moyo wa Lorine ukafanya kama balbu. Pap.

Kweli alimjua. Owiti! Fundi Owiti, aliyemwekea stima kwenye kibanda. Owiti mcheshi, anayemwita shemeji ilhali hakuna dada wa Lorine aliyemwoa.

Kufikia saa nne na nusu Lorine alikuwa Ahero, amesimama mbele ya meza ya Owiti chini ya mwavuli mkubwa wa rangi tatu. Juu ya meza kulikuwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Na pembeni, kwenye beseni, balbu. Balbu nyingi. Zimelala kama mayai.

"Nyar Nyakach!" Owiti akapiga kelele, yaani binti wa Nyakach. "Karibu, shemeji! Leo umeniletea nini?"

Lorine akaweka balbu mezani, kifua wazi, tone la risasi juu.

"Nimekuletea mtoto wako."

Mngemtarajia mtu aruke, akane, akimbie kuelekea mashamba ya mpunga. Owiti akaichukua, akaishika juani, akatabasamu kama mzazi kweli.

"Ni wangu. Ona hilo tone! Hakuna mwingine anayeweka hivyo."

"Hata huna aibu?"

"Aibu ya nini? Nafufua. Mtu wa kanisani akifufua mnampa kuku, mimi nikifufua mnanikunjia uso." Akacheka. "Nauza kwa watu wa mpunga. Wanaweka chooni, wanaweka kwenye zizi. Mmoja aliwawekea vifaranga eti wapate joto. Nikamwambia baba, hii inaangaza, haipashi. Hakusikia. Vifaranga waliganda wakiona vizuri kabisa."

"Owiti, hii iliuzwa kwenye boksi jipya. Iliwekwa juu ya jeneza la Mzee Obiero."

Kicheko kikakatika.

"Ile iliyozima? Ile watu wanaiongelea?"

"Hiyo hiyo."

Owiti akaigeuza haraka, akatazama kitako. Akalamba kidole, akasugua.

"Hapana, hapana. Mimi si mwizi. Kila nikifufua, napaka tone la rangi nyekundu ya kucha hapa chini. Tazama beseni, zote! Mnunuzi ajue anachukua maisha ya pili, si ya kwanza. Sasa ona hapa." Akaonyesha mikwaruzo myembamba. "Kuna mtu ameikwangua rangi yangu kwa wembe."

Lorine akatazama beseni. Kweli, kila balbu ilikuwa na tone jekundu, kama mguu wa bibi harusi. Lakini mtu anaweza kupaka kwa mkono wa kulia na kukwangua kwa wa kushoto, sivyo? Hata wewe unayesikiliza umeshaanza kumtazama Owiti kwa jicho la pembeni. Na Lorine vivyo hivyo.

"Nani alikuletea hii, Owiti?"

"Mteja. Huja na mfuko siku ya soko, balbu kumi, kumi na mbili. Nazifufua, anabeba zote. Nilidhani anapeleka Usenge kwa watu wa samaki."

"Jina."

"Jina lake ni..."

Simu ya Lorine ikalia, iko pale pale mezani. Lorine akaibonyeza, sauti ikatoka kubwa, maana spika ya simu hiyo ilikwama zamani na haijui kunong'ona.

"Nyathina, mwanangu, uko wapi?" Ilikuwa mama yake, Mama Aloo, anayeuza dagaa wa omena na mchele meza ya pili kutoka kibanda cha Lorine. "Umekula?"

"Niko Ahero, mama. Sijala."

"Ahero? Ahero kufanya nini?" akauliza mama. "Sikiliza. Achana na hiyo balbu. Itupe kwenye mfereji, njoo uombe msamaha, mambo yaishe. Mwanamke wa soko hashindani na soko."

"Niombe msamaha kwa kosa gani?"

"Kuomba msamaha si lazima uwe na kosa. Njoo nyumbani."

Simu ikakatika. Lorine akamgeukia fundi.

"Ulikuwa unasema jina."

Owiti alikuwa ameshika kitambaa anafuta meza. Meza ilikuwa safi tangu mwanzo.

"Huyo aliyepiga ni nani?" akauliza.

"Mama yangu. Jina, Owiti."

"Sikumbuki."

"Sasa hivi ulikuwa unakumbuka!"

"Nilikosea. Wateja ni wengi. Shemeji, mimi nafunga mapema leo." Akaanza kuzitia redio kwenye sanduku, moja juu ya nyingine, nyaya zinaning'inia. Hakumtazama usoni. Alipofika mwisho akasema akiwa amempa mgongo, "Usiulize ni nani. Uliza iliwaka muda gani. Mwenye balbu ndiye anayejua muda wake."

Basi! Mtu anayeficha jina analificha la nani kama si lake mwenyewe? Lorine akaondoka Ahero akiwa na hakika. Ni Owiti. Owiti huja kibandani kutengeneza swichi. Owiti anajua gunia lilipo, anajua maboksi yalipo. Amekwangua rangi yake mwenyewe, halafu amemchezea kama mtoto. Lorine akaapa kwamba saa nane atalitaja jina hilo mbele ya soko zima.

Saa nane ikafika.

Banda la soko la Katito lilijaa. Wanawake walikaa kwenye magunia ya mahindi na ndoo zilizopinduliwa. Mwenyekiti wao, Jentrix, anauza mitumba, ana sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara ya Kisii. Mama Aloo alikuwa nyuma, na sinia la omena mapajani, akitoa vijiti na mawe kama siku zote. Alipomwona binti yake aliinuka akampa maji ya kunywa, kisha akarudi kukaa.

Mama Perez hakuingia. Mjane wa wiki mbili haingii kwenye banda la watu kabla hajamaliza mambo ya mila, hata kama ni mtu wa kanisa. Alisimama nje, juani, kichwa wazi, viatu mkononi. Kumwona tu pale kulitosha kuwanyamazisha watu.

"Lorine," akasema Jentrix, "tulikupa wiki. Sema."

Lorine akaonyesha balbu. Akawaonyesha macho kumi na moja na tone la risasi. Ikapita mkono kwa mkono, wanawake wakaikodolea, mmoja akainusa.

"Hii si mpya," akasema Lorine. "Imefufuliwa. Nimemwona fundi aliyeifufua, amekiri kwa mdomo wake. Ni Owiti wa Ahero!"

Alidhani watapiga kelele za hasira kwa Owiti. Kelele zilikuja kweli. Lakini zilimgeukia yeye.

"Owiti?" Jentrix akasimama. "Owiti fundi wako? Si wewe uliyemleta hapa sokoni? Si wewe ulisema ana mkono wa dhahabu?"

"Ni mimi, lakini..."

"Balbu zilizokufa ziko kwa nani?"

"Kwangu."

"Maboksi matupu yako kwa nani?"

"Kwangu, lakini..."

"Na fundi wa kufufua ni wa nani? Jamani, tumeuliza mwizi yuko wapi, mwizi ametuchorea ramani!"

Banda likalipuka. Mwenye nyanya akasema balbu ya sebuleni kwake ilikufa kwa wiki tatu. Mwenye dengu akasema ya kwake inapepesa kama mtu anayedanganya. Mmoja akasema tangu mwanzo hakumpenda Lorine, kwa sababu anacheka sana na wanaume wa bodaboda. Hilo halikuhusu balbu, lakini siku ya kuhukumiwa kila mtu huleta kuni zake.

"Vunja kibanda!" akaita mtu.

"Avunje sasa hivi!"

Lorine akatazama huku na huku. Uso baada ya uso, watu aliokula nao, aliosuka nao nywele. Hakuna jicho lililomkubali. Mama yake tu, nyuma kule, alikuwa ameinamia omena zake, vidole vinakwenda haraka, vinatupa mawe na vinatupa hata samaki.

"Ngoja," ikasema sauti kutoka nje.

Haikuwa kubwa. Lakini ilikuwa ya mjane, na banda likatulia.

"Mimi sikuja kwa sababu ya kibanda," akasema Mama Perez. "Kibanda mtavunja ama mtaacha, kitanda changu kitabaki vile vile, upande mmoja baridi. Lorine, kuna tarehe mbili hapo?"

"Mbili, mama. Ya juu ni Jumanne ile uliyonunua. Ya chini ni kumi na nne Machi. Mwaka sijui. Niliiandika mimi, lakini nimeuza balbu nyingi, sikumbuki niliiandikia nani."

"Basi mimi nina swali moja." Mama Perez akapangusa jasho kwa kanga. "Shemeji zangu wanasema ile taa ilikuwa mtoto mchanga, na mtoto mchanga hafi bila mkono wa mtu. Wanasema mume wangu aliizima mwenyewe, kwa sababu ananijua. Wiki mbili sasa hawali chakula changu. Juzi wamewakataza watoto wangu wasinywe chai yangu. Watoto wangu mwenyewe."

Akahamisha viatu mkono wa pili.

"Kama taa ilikuwa changa, sina la kuwajibu. Lakini kama ilikuwa imezeeka, kama ilikuwa imewaka kwa mtu mwingine mpaka ikachoka, basi ilikufa kifo chake, na mimi nitawaambia watoto wanywe chai. Sitaki kumfunga mtu. Sitaki balbu nyingine. Niambieni tu. Ilikuwa imewaka muda gani?"

Jentrix akamtazama Lorine. Lorine akatikisa kichwa, machozi yanamtoka.

"Nani alinunua balbu kumi na nne Machi, mwaka wowote?" Jentrix akauliza soko. "Aseme. Hatatozwa, hatapigwa."

Mwenye nyanya akamtazama mwenye dengu. Mwenye dengu akamtazama mshonaji. Kila mtu akamtazama jirani yake kwa lile jicho ambalo likishatazama haliwezi tena kurudi lilivyokuwa. Nani? Huyu? Ama yule anayefika Ahero kila siku ya soko na mfuko?

Na hapo, wajukuu zangu, Lorine akakoma kulia. Maana alikuwa amejiuliza swali hilo mwenyewe, na akili yake ikajibu kabla hajaizuia. Nani sokoni hapa huenda Ahero kila siku ya soko, kununua mchele wa kurudi kuuza? Nani huketi kibandani kila Lorine anapokwenda Kisumu? Akageuka polepole, kama mtu anayeogopa kuona alichokwisha kukiona.

Sinia la omena lilikuwa chini.

Mama Aloo alikuwa amesimama. Magamba yalimng'aa kwenye gauni. Alipita katikati ya magunia, wanawake wakimpisha bila kujua kwa nini, akatoka nje ya banda mpaka juani, akasimama mbele ya mjane, uso kwa uso.

"Mama," Lorine akaita. "Mama, usiseme."

Mama Aloo hakugeuka.

"Miaka mitatu na miezi miwili, Perez," akasema. "Iliwaka jikoni kwangu, juu ya sufuria, kila jioni. Ilikuwa balbu ya kwanza kabisa ya mwanangu, aliniletea wiki aliyofungua kibanda. Ilikuwa imezeeka. Mume wako hakuizima. Kanywe chai na watoto wako."

Mama Perez akafunga macho. Viatu vikamponyoka mkononi.

"Na aliyeikwangua akairudisha kwenye boksi ni mimi," akaendelea Mama Aloo, sasa kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa banda. "Nilimwona mwanangu akitoa mpya kwa kila iliyokufa, kibanda kinaliwa na neno lake mwenyewe, nikadhani mwanga ni mwanga. Yeye hakujua. Na hiyo haikuwa peke yake, jamani. Ziko arobaini, na zilizobaki bado zinawaka kwenye nyumba zenu."